Trei ya Mwisho

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, wavulana wawili waliwania nafasi moja kwenye friji. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Hakuna mwalimu aliyewatuma, wala haikuwa sehemu ya somo lolote. Ulikuwa mchezo wao wa kujipatia kitu kitamu. Utaratibu waliufahamu wote: unanunua maziwa kwa akina mama wa jirani, unayachemsha, unatia sukari, unayaacha yapoe, kisha unayamimina kwenye trei na kuyaweka kwenye sehemu ya kugandishia. Tatizo lilikuwa nafasi. Watengenezaji walikuwa wengi, trei chache.

Siku hiyo Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa bado anachemsha maziwa yake. Mwenzake alipomwona, aliogopa kuzidiwa kete. Akachanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akayakimbiza kwenye friji. Mpemba naye akapiga hesabu ya haraka. Akisubiri yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akiyaweka ya moto, huenda friji ikaharibika. Akaamua bora lawama ya friji kuliko kukosa trei. Baada ya saa moja na nusu wavulana wote wawili walirudi kuangalia. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito kama uji.

Mwisho wa hadithi hii tunaujua wengi wetu. Hali ya maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi inaitwa kwa jina lake duniani kote, na kila baada ya muda mtu huirusha kwenye kundi la WhatsApp pamoja na bendera ya taifa. Mimi nami niliisimulia hivyo kwa miaka, kama hadithi ya kijana mwenye kipaji aliyeishangaza dunia. Kisha, nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili kuhusu shule za sekondari katika miaka ya kwanza ya uhuru, nikaisoma makala yenyewe. Ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, Physics Education, ikiwa na majina mawili: Mpemba na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Ni kurasa chache tu. Sehemu ya kwanza Mpemba anasimulia mwenyewe.

Nilitarajia kukuta kipaji. Nilichokikuta ni swali linalokaribia kufa mara kadhaa, na kila mara mikononi mwa watu wa shule. Niliposoma sikujisikia fahari. Nilijisikia nimekamatwa, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Mara ya kwanza swali lilikaribia kufa palepale Magamba. Mpemba alimwendea mwalimu wake wa fizikia na kumuuliza kwa nini maziwa ya moto yaliganda kwanza. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Tungependa kusoma hapa kwamba kijana alishikilia msimamo wake. Hakuushikilia. Anaandika wazi kwamba wakati ule alikubali jibu la mwalimu. Alikuwa ameiona aiskrimu kwa macho yake, ameila, lakini neno la mwalimu likawa na uzito kuliko trei.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Tanganyika ilikuwa na miaka miwili tu tangu uhuru. Shule za sekondari zilikuwa chache, na kupata nafasi ilikuwa bahati ambayo ukoo mzima uliingojea. Mitihani ya mwisho ilikuwa bado inatoka Cambridge. Maarifa yalikuwa kitu kilichofika kimeshafungwa, na kazi ya mwalimu ilikuwa kukifikisha bila kumwaga. Mwanafunzi aliyetoka jikoni na jambo lisilokuwemo kwenye kifurushi hakuwa analeta nyongeza. Alikuwa anapoteza muda wa kipindi.

Kilicholiokoa swali lile ni likizo. Mpemba alikutana Tanga mjini na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu. Wakazungumza mambo ya kazi, kama wafanyavyo watu wenye ufundi mmoja, na yule rafiki akamwambia kwamba yeye mchanganyiko huuweka kwenye friji ungali moto, maana huganda upesi. Mpemba akaja kujua kwamba wauzaji wengine wa Tanga nao walifanya vivyo hivyo.

Hapa nilisimama kusoma nikarudia. Katika namna tunayoisimulia hadithi hii, Mpemba ndiye mgunduzi, na kabla yake hapakuwa na kitu. Lakini kwa maneno yake mwenyewe, vijana wa Tanga waliokuwa wakiuza aiskrimu juani walishalijua jambo lile na kulitumia kila siku. Hawakulijua kama fizikia. Walilijua kama njia ya kuwahi wateja. Alichofanya Mpemba ni kulichukua jambo ambalo mtaani ni la kawaida na kulirudisha mahali ambapo lilikuwa haliwezekani, na kuuliza kwa nini sehemu hizi mbili hazikubaliani. Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ilikuwa hiyo, kuliko kuwa wa kwanza kuona.

Alipofaulu kidato cha nne alikwenda Shule ya Sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa. Miongoni mwa mada za mwanzo ilikuwa joto, na ndani yake kanuni ya Newton kuhusu namna vitu vinavyopoa. Mpemba akanyoosha mkono. Aliuliza swali lilelile la maziwa. Mwalimu hakukubali. Mpemba akasema ni kweli, amefanya mwenyewe. Mwalimu akarudi kwenye jibu la Magamba, kwamba amechanganyikiwa. Mwanafunzi alipoendelea kubisha, mwalimu akahitimisha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu.

Darasa likacheka, na kicheko kikaota mizizi. Tangu hapo, anasimulia Mpemba, kila alipokosea kukokotoa hesabu, mwalimu alisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Wanafunzi wenzake wakaudaka utani huo. Chochote alichokosea kikawa cha Mpemba.

Kila aliyesoma shule ya bweni anajua jina la utani linavyofanya kazi. Mwalimu halazimiki kukukataza kuuliza. Anakupa jina tu, na wenzako watamalizia.

Lakini kuna mchana mmoja ambao ningependa kila mwalimu aujue. Mpemba alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu ndani. Hakuomba ruhusa. Alichukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto kutoka kwenye chombo cha kuchemshia, akaziweka haraka kwenye friji ya maabara. Baada ya saa moja akarudi. Hazikuwa zimeganda zote, lakini ile iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Anakiri kwamba matokeo hayo hayakutosha kuthibitisha, akapanga kurudia akipata nafasi.

Tazama kilichotokea pale. Kijana aliyeambiwa mara mbili kwamba amechanganyikiwa alibuni jaribio mwenyewe, akatumia vyombo viwili vinavyofanana, akabadilisha kitu kimoja tu, akaangalia, kisha akakataa kujidanganya kuhusu alichokiona. Hayo ndiyo ambayo masomo ya sayansi yanasema yanataka kufundisha. Aliyafanya akiwa hayuko kwenye somo, na aliyafanya kwa sababu mlango haukufungwa.

Sasa nieleze kwa nini nilijisikia nimekamatwa.

Katika mwaka wangu wa pili wa shahada ya kwanza nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Pwani. Nilifundisha historia kidato cha kwanza, wanafunzi zaidi ya sabini darasani. Wiki ya tatu nilikuwa kwenye mada ya vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, akiolojia. Nilikuwa nimeandika ubaoni faida na hasara za akiolojia, kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Msichana mmoja wa dawati la pili alinyoosha mkono, na mkono mwingine ukatoa kwenye mfuko wa sketi kigae kidogo, chenye rangi ya kijani iliyong'aa upande mmoja.

"Madam," alisema, "hiki tumekiokota ufukweni tulipokuwa tunacheza. Kule viko vingi. Kilitoka nchi gani, na nani alikivunja?"

Nilimwambia aulize kwa Kiingereza. Akanyamaza. Alitafuta maneno, midomo ikicheza, hakuyapata. Nikaangalia saa. Nilikuwa nimebakiza hasara nne za akiolojia na dakika kumi, na nyuma ya darasa alikaa mhadhiri aliyekuja kunitathmini. Nikasema kwa upole, maana nilidhani upole unatosha, kwamba hilo halitoki kwenye mtihani, aketi. Wenzake wakacheka. Akakirudisha kigae mfukoni.

Nilipata alama nzuri siku ile. Usimamizi wa muda: vizuri sana.

Miaka mitatu baadaye, nikisoma habari za mwalimu wa Iringa na fizikia yake ya ulimwengu, sikuweza kumchukia. Nilimjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni ya Newton ya kumaliza, na pengine mkaguzi wake naye. Nilikuwa nikifundisha akiolojia huku akiolojia yenyewe iko mkononi mwa mtoto, nikamwambia aketi. Katika mwambao wetu, kuanzia Kilwa hadi Kaole na kaskazini hadi Lamu, vigae vya vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa, vilivyoletwa na merikebu kutoka Uajemi na Uchina, ni miongoni mwa vitu ambavyo wanahistoria wamevitumia kupanga miaka ya miji yetu. Sijui chake kilikuwa cha wapi. Sikukiangalia. Na swali lake la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza. Wataalamu huuliza chombo kilitoka wapi. Yeye aliuliza nani alikivunja. Alitaka kujua kuhusu mtu.

Turudi Iringa. Denis Osborne alialikwa Mkwawa kuzungumza, na baadaye wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza. Mpemba alisimama. Safari hii hakuzungumzia maziwa. Aliuliza kwa lugha ya maabara: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, moja nyuzi 35, jingine nyuzi 100 za selisiasi, vyote vinawekwa kwenye friji, la nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini?

Osborne alitabasamu, akamwomba arudie. Akamuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, na akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam.

Kesho yake wanafunzi wenzake walimlaumu Mpemba kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni, kwamba alitaka tu kuuliza kitu kitakachomshinda. Nikiwaza lawama hiyo naona jinsi tulivyofundishwa vizuri. Mtu mzima kusema "sijui" ilikuwa aibu ya darasa zima.

Osborne naye, katika sehemu yake ya makala, hajifanyi kwamba alimwamini. Anakiri kwamba alidhani kijana amekosea. Lakini alikuwa ameahidi. Akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Nilicheka peke yangu maktabani niliposoma hapo. Kisha nikaona kwamba fundi yule, mwalimu wa Magamba, mwalimu wa Mkwawa na mimi ni watu wa ukoo mmoja. Jibu sahihi tulikuwa nalo kabla ya kufungua friji.

Waliendelea kurudia, na matokeo yakakataa kubadilika. Walitumia bika za glasi zenye maji ya sentimita za ujazo 70, zikiwa juu ya kipande cha povu gumu ili joto lisipotelee chini. Walikuta kwamba maji yaliyochukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda ni yale yaliyoanzia karibu nyuzi 25, na yale yaliyoanzia karibu 90 yaliwahi sana. Walipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa mno, dalili kwamba joto lilitoka zaidi kwa juu. Makala ikatoka mwaka 1969. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, Moshi. Hakuwa mwanafizikia. Maisha yake ya kazi yalikuwa katika wanyamapori.

Katikati ya miaka hiyo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Tunaikumbuka kwa majembe na mashamba ya shule. Tunasahau kwamba miongoni mwa mambo aliyotaka elimu imjengee mtoto ni akili ya kudadisi. Aliandika kwamba shule tulizorithi zilikuwa zinawafanya vijana wadhani maarifa yote yako vitabuni au kwa waliosoma, na kuyadharau ya wazee na wakulima. Sina ushahidi kwamba mtu yeyote aliyaweka maandishi haya mawili pamoja wakati ule. Mimi nimeyaweka, mezani kwangu, na kila moja linalieleza jingine: wauzaji wa aiskrimu wa Tanga wangeweza kuingia kwenye hoja ya Mwalimu kama mfano.

Na jibu lenyewe? Bado halijapatikana lote. Ilibainika kwamba Aristotle alilitaja jambo linalofanana na hilo zaidi ya miaka 2,000 kabla, na Bacon na Descartes katika karne ya 17. Kisha sayansi ikalisahau, huku watu wa kawaida wakiendelea kulitumia. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilishindanisha watu watoe maelezo bora; majibu yalifika 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio ya maji wakasema hawakupata ushahidi wa maana, na kwamba hata kuhamisha kipimajoto kidogo tu kunaweza kukudanganya. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha hali ya namna hiyo waziwazi, lakini si kwenye maji: kwenye chembe ndogo sana zilizodhibitiwa maabara.

Kwa hiyo inawezekana mwalimu wa Mkwawa hakukosea sana kuhusu maji. Jambo hili lilinisumbua mwanzoni, maana liliharibu hadithi nzuri. Sasa naona ndilo linaloinyoosha. Kama thamani ya swali la mtoto ingetegemea kuwa sahihi, basi tungesubiri miaka sitini ili tujue kama Mpemba alistahili kusikilizwa. Kosa la mwalimu halikuwa kutilia shaka. Osborne alitilia shaka pia. Tofauti yao ni kwamba mmoja alifungua friji.

Tunapenda kusema kwamba watoto wana udadisi wa kuzaliwa, kwamba tukiwaacha watajifunza wenyewe. Ni kweli kwa nusu. Mpemba alijifunza mwenyewe, lakini tazama vilivyokuwepo: friji iliyoweza kuguswa, maziwa ya kuharibu, mwenzake wa kushindana naye, rafiki mwenye ufundi huko Tanga, maabara isiyofungwa, na mtu mzima mmoja aliyesema hajui akatimiza ahadi. Ondoa kimoja na pengine jina lile halipo. Udadisi hakuletewa na yeyote. Vingine vyote ilibidi avikute.

Shule ya Mkwawa sasa ni Chuo Kikuu kishiriki cha Elimu. Tangu 2005 inaandaa walimu. Wanafunzi wake huenda mazoezini kama nilivyokwenda mimi, na daftari la maandalio ya somo na mtathmini nyuma ya darasa. Natumaini mtu huwaambia kilichotokea pale, na si mwisho wake tu.

Mwaka jana nilipita ile shule ya Pwani nikiwa safarini. Yule msichana alikuwa ameshamaliza. Nilishuka hadi ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Vigae vilikuwepo kweli, vingi, kama alivyosema. Vya kijani, vya bluu na nyeupe, vya udongo mtupu. Watoto watatu walikuwa wakivitumia kuchezea, wakivipanga kama sahani za wali wa mchanga. Niliokota kimoja, nikakigeuza. Ukingoni kilikuwa kimevunjika vibaya, kama kitu kilichoponyoka mtu mkononi.

"Dada, unatafuta nini?" mmoja akaniuliza.

Nikamwambia sijui bado. Akachuchumaa kunisaidia.